Mwenye Kinyongo Acheze

Doña Cuca hakupika tamale, vile vifurushi vya unga wa mahindi vinavyoivishwa kwa mvuke, penye ugomvi, na kama ugomvi upo, alitaka ujulikane ni wa nani kabla sufuria haijapanda motoni. Ndiyo maana asubuhi ya Siku ya Mama, hata uso hajaosha, alisimama katikati ya ua mdogo wa nyumba yao pale Neza, kitongoji cha jiji kuu, barakoa ikining'inia kwenye sikio moja, akatangaza.

"Mwenye kinyongo aseme sasa hivi. Tamale si maharage. Tamale zinasikia."

Uriel, kitinda mimba wake, alikuwa amejilaza kwenye ngazi ya kupandia darini, kofia usoni. Heriberto, kaka yake, alikuwa anapiga mswaki kwenye bomba. Yadira, mke wa Heriberto, alikuwa ameinamia beseni akiosha maganda makavu ya mahindi, na kwa mimba aliyokuwa nayo, kule kuinama peke yake kulikuwa kazi ya kutosha. Hakuinua uso, ila alijua macho ya mama mkwe yametua wapi.

"Nakuuliza wewe, binti wa pwani."

"Sina kinyongo, mama."

"Juma lililopita ulinijibu habari ya sabuni."

"Nilisema tu kwamba imekwisha."

"Mdomo ndio uliosema imekwisha. Uso ulisema mengine."

Yadira alirudi kwenye maganda yake. Katika nyumba ile alikwisha kujifunza kwamba ukijibu una kiburi, usipojibu una kiburi cha kimyakimya, na hicho cha pili ndicho doña Cuca alichokichukia zaidi. Alikuwa mtu wa Veracruz, kwao tamale hufungwa kwenye majani ya mgomba, mabichi na laini, na kosa hilo la kuzaliwa pwani alikuwa bado hajasamehewa. Kila mara maganda yalipotolewa, mama mkwe alikuwa na neno. Leo pia alikuwa nalo.

"Kunja vizuri. Hatufungi mizigo ya ndizi hapa."

Karantini ilikuwa imemfunga doña Cuca mikono. Tangu ujana wake aliuza tamale asubuhi kwenye mlango wa kituo cha treni ya chini ya ardhi, na wanawe wote wawili walikulia nyuma ya sufuria ile. Sasa watu wameambiwa wakae majumbani, na anayekaa nyumbani hanunui kifungua kinywa kituoni. Hoteli aliyokuwa Heriberto mhudumu ilifungwa milango. Uriel alikuwa na pikipiki ya abiria, lakini nani atapanda mgongoni kwa mtu siku hizi? Biashara ilipokufa iliacha urithi wake jikoni: gunia la unga wa mahindi lililofika nusu, ndoo ya mafuta ya nguruwe, furushi la maganda, na mfuko wa pilipili kavu. Nyama haikuwapo. Yalikuwapo maharage meusi, na kipande cha jibini ambacho doña Cuca alikifungia kabatini pamoja na mayai, ufunguo akauvaa shingoni na rozari.

Kwa majuma mengi walikula maharage, wakala tena maharage. Leo, alisema doña Cuca, siku ya akina mama, hatakula maharage kwenye bakuli. Atakula tamale kama mtu.

"Na nisikilizeni nyote," alisema. "Nyumba hii mambo hayaendi. Maziwa yanakatika. Maharage yanaungua. Mtoto wangu anakosa usingizi. Kuna mtu humu ananitakia mabaya, na leo sufuria itamtaja. Yadira, nenda kafungashe."

Yadira aliinuka, mkono kiunoni. "Nifungashe nini, mama?"

"Nguo zako. Weka mfuko pale mlangoni. Tamale zikitoka vizuri, utaurudisha chumbani mwenyewe, hakuna aliyekugombeza. Zikitoka mbichi, kesho unakwenda kuzalia kwenu."

Yadira alimtazama mumewe. Heriberto alitema povu la dawa ya meno, akasukutua, akasukutua tena. Alikuwa na kinywa kichafu sana asubuhi ile, inaonekana.

"Beto," Yadira alisema.

"Fanya tu, mke wangu," alisema Heriberto bila kugeuka. "Unamjua mama. Ni maneno. Zitaiva, utaurudisha."

Kwenda kwao, wakati huo, lilikuwa jambo la kusemwa tu. Kijiji cha mama yake kilikuwa kimefunga barabara kwa mawe na lundo la mchanga, vijana wakalinda kwa zamu na mapanga, hawataki mtu yeyote atokaye upande wa jiji kuu na ugonjwa wake. Juzi tu mama yake alilia kwenye simu: mwanangu, hapa hata kuku wa kijiji cha pili hapiti. Doña Cuca aliyasikia mazungumzo hayo, kwa kuwa katika nyumba ile simu zilisikilizwa na wote. Kwa hiyo alijua vizuri anamtuma wapi. Anamtuma barabarani.

Yadira alifungasha. Nguo zake zilikuwa chache, na juu yake akaweka vile vijishati vya mtoto alivyovishona kwa mkono kutokana na shuka kuukuu. Akauburura mfuko hadi kwenye mlango wa bati. Alipompita mumewe alisikia harufu.

"Umekunywa bia?"

"Moja tu. Jana. Don Fermín wa jirani katugawia mimi na Uriel, Siku ya Mama."

Bia! Viwanda vya bia vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya ugonjwa, na chupa moja ilitafutwa Neza nzima kuliko dawa. Na don Fermín, fundi wa matairi, hakuwahi kumgawia mtu hata hewa ya kujazia gurudumu. Yadira aliliona jambo hilo, lakini mtu ambaye mfuko wake uko mlangoni hana nafasi ya kuchunguza bia za watu. Alirudi kwenye beseni.

*

Alisonga unga tangu jua liko nyuma ya ukuta mpaka likafika katikati ya ua. Mafuta kwanza, kwa kiganja, mpaka yaumuke na kuwa meupe, kisha unga, kisha maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Doña Cuca alikaa kwenye kiti cha plastiki akisimamia.

"Upande mmoja tu. Usigeuze mkono, unga utachukia."

"Ndiyo, mama."

"Na usihemeheme juu yake hivyo."

"Nimechoka kidogo, mama."

"Mimi huyu Uriel nilimzaa saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kituoni nauza."

"Mama, unatia chumvi," alisema Uriel kutoka chini ya kofia.

"Nyamaza wewe, ulikuwapo?"

"Si ndimi niliyezaliwa?"

Wakacheka, mama na mwana. Yadira naye alicheka kidogo kwa adabu, lakini mama mkwe alipomtazama, kicheko kikamkauka.

Wakati wa kuupima unga ulipofika, doña Cuca alidai glasi ya maji. Alichukua kipande cha unga kidogo kama punje ya maharage, akakidondosha. Unga usiosongwa vizuri huzama. Huu ulikwenda chini nusu, ukasita, ukapanda, ukaelea juu ya maji. Doña Cuca alikigonga kwa kidole kizame. Kikapanda tena.

"Mh," alisema, kama aliyeshindwa kesi.

Yadira alishukuru Mungu kimoyomoyo. Alipaka unga kwenye maganda, akaweka maharage na pilipili na uzi wa jibini ambao mama mkwe aliukata mwenyewe kwa wembe, akiupima kwa macho, akakunja, akapanga tamale zimesimama wima ndani ya sufuria kubwa ya mvuke. Chini kabisa, kwenye maji, doña Cuca alitumbukiza sarafu ya peso. Maji yakichemka sarafu hugongagonga, na mpishi hukaa na shughuli zake akisikiliza. Sarafu ikinyamaza, maji yamekwisha.

Hapo ndipo Uriel alipoondoa kofia usoni.

"Moto niachieni mimi," alisema. "Leo siku ya mama. Akina mama wapumzike."

Akaibeba sufuria, akaitua juu ya jiko la chini lililokuwa pembeni ya ua, akawasha, akazungushia bati la kukinga upepo mpaka jiko na mtungi wa gesi vyote vikafichika. Kisha akaketi kando kama mlinzi wa benki.

"Mmemwona mwanangu?" alisema doña Cuca kwa furaha. "Halafu watu wanasema mvivu."

Mvivu akijitolea kazi, mwenye akili huuliza kwa nini. Doña Cuca alikuwa na akili nyingi, lakini kwa Uriel hakuwahi kutumia hata moja.

Sarafu ilianza kugonga polepole. Ikagonga kidogo, ikachoka, ikanyamaza.

"Maji hayo," alisema doña Cuca. "Ongeza."

Yadira alifunua pembeni. Maji yalikuwapo, yamejaa vilevile. Alisema hivyo.

"Yapo?"

"Yapo, mama. Njoo uone."

"Sihitaji kuona. Funika. Uriel, moto vipi?"

Uriel alichungulia nyuma ya bati. "Safi kabisa."

Kutoka ng'ambo ya ukuta, kwa don Fermín, ilivuma harufu ya nyama inayokaangwa. Walikuwa wanakaanga tangu asubuhi, mafuta yakilia, na mke wake doña Meche akiimba. Heriberto alimeza mate. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, na kila mara alipomwona mkewe anamtazama aliisogeza simu karibu zaidi na uso.

Wakangoja. Jua likavuka ua, likaanza kupanda ukuta wa pili. Tamale zilizokwisha kukaa muda huo wote zingeiva hata kwa kupigiwa makelele. Doña Cuca aliinuka, akafunua sufuria, akatoa moja ya katikati, akaifungua.

Ganda lilitoka na unga wote. Ulinata vidoleni, mweupe, mbichi, wa uvuguvugu. Doña Cuca alinyoosha mkono ili kila mtu aone.

"Haya," alisema taratibu. "Sufuria imesema."

*

"Mama, ngoja kidogo," Yadira alianza. "Labda tu moto..."

"Unga ulielea?"

"Ulielea."

"Maji yapo?"

"Yapo."

"Uriel, moto?"

"Safi, mama."

"Basi kilichobaki ni roho ya mtu." Alijifuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja. "Simama mbele ya sufuria. Mwenye kinyongo acheze, sufuria ikifurahi itamsamehe. Ndivyo alivyofanya mama yangu, ndivyo alivyofanya bibi yangu."

Yadira alidhani ni mzaha. Akawatazama mmoja mmoja, hakumwona anayecheka isipokuwa Uriel, naye alikuwa anatafuta muziki kwenye simu.

"Mama," alisema Heriberto, "hali yake..."

"Hali yake ina miguu."

Heriberto alisimama, akamsogelea mkewe, akamshika kiwiko. Yadira alidhani sasa mumewe atasema neno. Alimpenda Heriberto, tusifiche. Alimfuata kutoka pwani kwa kumpenda tu, bila nguo ya harusi wala pete. Heriberto aliinama sikioni mwake.

"Cheza kidogo tu," alinong'ona. "Yaishe."

Muziki ukapigwa, cumbia ya harusini. Yadira alisimama mbele ya sufuria na kandambili zake, mikono chini ya tumbo kulishikilia, akasogeza mguu wa kulia, akasogeza wa kushoto. Mtoto alijigeuza ndani. Uriel akapiga makofi.

"Kiuno, shemeji! Watu wa pwani si ndio wenyewe?"

"Uso," alisema doña Cuca. "Sufuria haitaki uso huo. Tabasamu."

Yadira alitabasamu. Machozi yalikuwa yamefika lakini aliyazuia. Juu ya dari la jirani kichwa cha doña Meche kilichomoza kati ya nguo zilizoanikwa, barakoa kidevuni, kipande cha nyama mkononi.

"Doña Cuca! Mna sherehe?"

"Tuna mtu wa kinyongo, comadre! Tunamtoa!"

"Loo! Mchezesheni vizuri!" Akacheka, akatafuna, akabaki pale kutazama.

Wimbo ukaisha, ukaja mwingine. Hakuna aliyesema basi, kwa hiyo Yadira aliendelea, mguu huu, mguu ule, mpaka kandambili moja ikamtoka na kuteleza chini ya bati. Doña Cuca aliisogelea sufuria, akatega sikio. Sarafu kimya. Akafungua tamale ya pili. Ilikuwa mbichi kuliko ya kwanza.

"Zima huo muziki," alisema. Kisha, bila hata kupandisha sauti: "Chukua mfuko wako."

Heriberto alitazama sakafu. Aliitazama kwa bidii sana, angedhaniwa ndiye aliyeimwaga saruji.

*

Mtu hawezi kufukuzwa akiwa na kandambili moja. Yadira alipiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya bati kuitafuta nyingine, na hapo akauona moto. Ulikuwa wa buluu, mfupi, haufiki hata tako la sufuria, unatetemeka wenyewe bila upepo. Hakuelewa mara moja. Alishika shingo ya mtungi ili ajiinue, na mtungi ukamfuata, ukainama kama kopo tupu, nusura waanguke wote wawili.

Ijumaa gari la gesi lilipopita, Yadira ndiye aliyeusaidia mtungi uliojaa kuingia mlangoni. Waliuviringisha yeye na doña Cuca, na haukutaka kwenda. Na huo mtungi wa Ijumaa ulikuwa na msalaba mweupe wa rangi, ambao doña Cuca aliuchora kwa mkono wake kwa kuogopa wezi, akaunyunyizia na maji ya baraka. Yadira aliuzungusha mtungi huu kwa mkono mmoja. Upande wa mbele hapakuwa na msalaba. Upande wa nyuma hapakuwa na msalaba. Debe tupu haliachi kuvuma, wasema wahenga, lakini mtungi huu mtupu ulikuwa umenyamaza mchana kutwa huku yeye akichezeshwa.

Alilisukuma bati likaanguka kwa kishindo. Uriel akaruka kutoka alipokaa.

"Shemeji, utajiunguza!"

"Kwa moto upi?"

Sasa wote waliuona. Wakati wanautazama, ukafifia, ukazimika.

"Labda gari la gesi limetudanganya," alisema doña Cuca. Alisema haraka, na alikuwa anamtazama Uriel. "Wezi wale. Wanajaza hewa."

"Msalaba wako uko wapi, mama?" aliuliza Yadira.

Doña Cuca aliuzunguka mtungi mara moja, polepole. Kutoka ng'ambo ya ukuta mafuta ya don Fermín yalilia, nyama ikageuzwa.

Kama jirani ana mtungi wako na wewe una wake, na wanao wananuka bia ambayo mji mzima hauna, huhitaji mpelelezi. Uriel alianza kusema kwamba ilikuwa mkopo tu, kwamba wangeurudisha Jumatatu, kwamba don Fermín ndiye aliyeshawishi, kwamba karantini inamaliza watu akili na mtu anahitaji kupoza roho. Kreti moja tu, alisema. Na nusu yake waliitunzia mama, kwa leo.

Yadira hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Ulijua."

"Yadira..."

"Ulijua nilipofungasha. Ulijua nilipokuwa nacheza. Uliniambia nicheze kidogo, yaishe."

"Nilitaka kukwambia baadaye. Mbele ya mama ningesemaje? Angemkasirikia Uriel, na leo ni..." Hakumaliza. Hata yeye alilisikia neno lilivyokuwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Yadira alikuwa amejiandaa kwa mama mkwe, hata kwa shemeji alijiandaa. Kwa huyu hakujiandaa. Asubuhi ile alipoulizwa kama ana kinyongo alisema hana, na lilikuwa jibu la kweli. Sasa kilimjia chote kwa pamoja, kwa doña Cuca na ufunguo wake wa mayai, kwa Uriel na makofi yake, na zaidi ya wote kwa mwanamume aliyesimama mbele yake akikuna shingo. Kilikuwa kizito na cha moto, na hakumwonea mtu haya kukibeba.

"Tokeni uani," alisema.

"Jiko langu..." alianza doña Cuca.

"Toka, mama."

Na doña Cuca, ambaye hakuwahi kutolewa popote na mtu yeyote, isipokuwa kituoni na polisi, alirudi nyuma hadi kwenye kizingiti cha mlango wa chumba.

Pembeni mwa ukuta palikuwa na masanduku ya mbao ya matunda, mabaki ya biashara. Yadira aliyavunja kwa mguu, akayapanga kati ya matofali, akawasha. Kuni zilikuwa kavu na moto ukashika upesi. Heriberto alitaka kumsaidia kubeba sufuria. Yadira alimwangalia mara moja tu, naye akarudisha mikono. Aliibeba mwenyewe, na tumbo lake, akaitua juu ya matofali. Kisha akavuta kiti cha plastiki cha mama mkwe, akaketi mbele ya sufuria, magoti wazi, kama mtu anayetaka kuzungumza na mwenziwe.

Akazungumza. Aliiambia sufuria kila kitu, kwa sauti, hata doña Meche darini akaacha kutafuna. Aliiambia habari ya yai alilonyimwa akiwa na mimba changa. Aliiambia habari ya sabuni. Aliwataja watu wa nyumba ile kwa majina yao na tabia zao, mmoja mmoja, na alipofika kwa Heriberto alisema mambo ambayo mke huyasema chumbani, akayasema uani. Akamtukana don Fermín, akayatukana matairi yake, akaitukana cumbia. Sasa alilia pia, kwa sauti, pua ikimtoka, na hakujifuta.

Moto ulinguruma. Sarafu ikagonga mara moja. Ikagonga tena. Kisha ikaanza kucheza chini ya sufuria bila kupumzika, ikapigapiga, ikaruka, na Yadira aliendelea kutukana juu ya mlio wake.

Heriberto alidhani ameona upenyo. Mwanamume anayependwa huzoea kusamehewa kwa kuchekesha. Alikuja mbele ya sufuria, akajishika kiuno, akaanza kucheza, mguu huu, mguu ule, akigeuza macho kwa mzaha.

"Basi nicheze mimi, mamaa. Eh? Nimsaidie mwenye kinyongo."

Yadira alimtazama. Hakucheka, hakumfukuza pia. Alimtazama tu, na uani hakukuwa na muziki, ila sarafu. Uriel hakupiga makofi. Heriberto akacheza kidogo zaidi, kisha miguu ikamwishia, akabaki amesimama pale na mikono kiunoni, hajui aiweke wapi.

*

Zilipokaa vya kutosha, Yadira aliinuka akafunua. Mvuke ulimpiga usoni. Akatoa moja ya katikati, akaifungua juu ya kiganja, na ganda likaachia lenyewe, safi, halikubaki hata punje. Tamale ilikuwa imeumuka, laini, inang'aa kwa mafuta. Mwanamke mwenye kinyongo kuliko wote katika Neza alikuwa ameketi mbele yake tangu moto uwashwe, na ilikuwa imeiva.

Doña Cuca alikuja kutoka kizingitini. Alinyoosha mkono, Yadira akampa. Mwanamke yule mzee aliigeuza, akaitazama huku na huku, akailainisha kwa kidole gumba akitafuta penye ubichi. Akauma. Akatafuna muda mrefu. Miaka thelathini na ngapi sijui aliuza tamale kwa imani ile moja, na imani hiyo sasa alikuwa anaitafuna pamoja na maharage.

"Imeiva," alisema.

Alimeza, akamgeukia Uriel.

"Nenda kwa Fermín. Usirudi bila mtungi wangu."

"Mama, gesi yenyewe si wameshaitumia..."

"Usirudi bila mtungi wangu!"

Uriel aliondoka. Walisikia akigonga kwa jirani, kisha wakasikia kelele, na doña Meche akashuka upesi kutoka darini. Yadira alijipakulia tamale kwenye sahani, akala akiwa amekaa kwenye kiti kilekile, mgongo kwa watu. Hakuwapakulia wengine. Doña Cuca alijipakulia mwenyewe, kisha akamwekea Heriberto, kisha akasita, akairudisha moja sufuriani.

Kuomba radhi doña Cuca hakujua, na kwa uzee ule hakuna ambaye angemfundisha. Alipomaliza kula alikwenda mpaka mlangoni, akausukuma mfuko wa Yadira kwa ncha ya mguu, kuelekea chumbani.

"Toa huu mfuko njiani," alisema. "Watu watajikwaa."

Yadira alijifuta midomo. Alikwenda, akaushika mfuko kwa mikono miwili, akaurudisha pale pale mlangoni ulipokuwa, akaunyoosha vizuri.

"Wajikwae," alisema.

Mfuko ulikaa pale. Ulikaa karantini nzima, na vijishati vya mtoto ndani yake, na kila asubuhi Heriberto alipotoka kutafuta kibarua ilimbidi ainue mguu juu ili aupite, na kila jioni aliporudi, kabla ya kutazama kitu kingine chochote, alitazama kama bado upo. Barabara za pwani zingefunguliwa siku moja; wote wanne walilijua hilo. Mayai yalihama kabatini yakaja kukaa mezani. Hakuna aliyeulizwa tena habari ya kinyongo kabla ya kupika. Na doña Cuca alipofagia ua, alifagia kwa kuuzunguka.